Kaida za Vipimo vya Akili na Haki ya Anayepimwa

Alama ambayo mtu huipata katika kipimo cha kisaikolojia, kiwe cha akili, cha kumbukumbu au cha hali ya moyo, haina maana yoyote ikiwa peke yake. Mtoto aliyejibu sawasawa maswali 23 kati ya 36 hawezi kuitwa hodari wala dhaifu mpaka ijulikane watoto wengine wa umri wake hujibu mangapi, na jedwali linaloonyesha jinsi hao wengine walivyojibu ndilo linalounda kaida za kipimo. Alama ghafi, yaani idadi ya majibu sahihi kabla ya kulinganishwa na chochote, huingizwa katika jedwali hilo na kutoka ikiwa namba nyingine, ambayo katika vipimo vingi vya akili imepangwa ili wastani wa kundi uwe 100 na mkengeuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, uwe 15. Kwa mpangilio huo takriban watu 68 katika kila 100 huangukia kati ya 85 na 115, na wawili hivi tu huwa chini ya 70, namba ambayo kwa muda mrefu imetumiwa kama mpaka wa kumtambua mtu mwenye ulemavu wa akili, ingawa utambuzi kamili hudai pia ushahidi wa jinsi mtu huyo anavyomudu maisha ya kila siku.

Jambo ambalo msomaji wa ripoti hulikumbuka mara chache ni kwamba namba hiyo inaeleza umbali uliopo kati ya anayepimwa na kundi fulani la watu, waliopimwa mahali fulani, katika mwaka fulani na kwa lugha fulani. Toleo la tano la kipimo cha Wechsler cha watoto, lililotolewa Marekani mwaka 2014, lilipata kaida zake kutoka kwa watoto 2,200 wa umri wa miaka 6 hadi 16, waliochaguliwa ili wafanane na sensa ya nchi hiyo kwa jinsia, asili, eneo wanakoishi na elimu ya wazazi wao. Mtoto wa Mwanza anayepewa alama 78 kwa jedwali hilo ameelezwa tu kwamba yuko nyuma ya mtoto wa kati wa Marekani kwa hatua kadhaa, habari ambayo huenda ni ya kweli kabisa, lakini silo jibu la swali lililomleta mzazi wake kwa mtaalamu. Mzazi alitaka kujua kama mwanawe ana tatizo.

Ni rahisi kudhani kwamba dawa ya kasoro hiyo ni kumtafutia kila mtu jedwali la watu wa kwao, na fani ya saikolojia imekaa miaka mingi ikiamini hivyo. Mambo yaliyotokea Marekani, nchi ambayo imepima watu wengi na kufikishana mahakamani kwa ajili ya vipimo, yanaonyesha kwamba haki haipatikani kwa kubadilisha jedwali peke yake, kwa sababu jedwali lilelile linaloweza kumwokoa mtu katika uamuzi mmoja laweza kumwangamiza katika uamuzi mwingine.

Kipimo cha kwanza cha akili kilichotumika sana kilitungwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet akishirikiana na Théodore Simon, kwa shabaha finyu ya kuwatambua watoto wa shule waliohitaji msaada wa pekee, na Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Kilipovuka bahari, kipimo hicho kiliacha unyenyekevu wa mtunzi wake. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa toleo la Kimarekani mwaka 1916, Robert Yerkes akasimamia upimaji wa askari wapatao 1,750,000 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1923 Carl Brigham akazitumia alama za askari hao kudai kwamba wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya walikuwa na akili duni. Takwimu zake mwenyewe zilionyesha kwamba kadiri mhamiaji alivyokaa Marekani miaka mingi ndivyo alama yake ilivyokuwa ya juu, jambo ambalo lingetosha kumtahadharisha mtu yeyote kwamba kilichokuwa kikipimwa ni mazoea ya nchi, lakini Brigham alilitafutia maelezo mengine na hakuyakana madai yake mpaka mwaka 1930.

Madhara ya kaida zisizofaa yalionekana wazi zaidi katika shule za California. Mwaka 1970 shauri linalojulikana kwa jina la Diana lilimalizwa kwa makubaliano baada ya kubainika kwamba watoto wenye asili ya Meksiko, ambao nyumbani walisema Kihispania, walikuwa wamepimwa kwa Kiingereza na kupelekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili, na jimbo likakubali kwamba mtoto apimwe kwa lugha yake. Shauri la pili, Larry P. dhidi ya Riles, lilifunguliwa mwaka 1971 kwa niaba ya watoto Weusi wa San Francisco, na mwaka 1979 Jaji Robert Peckham akaamua kwamba vipimo vya akili visitumiwe tena kuwaweka watoto hao katika madarasa ya namna ile, ambamo idadi yao ilizidi kwa mbali sehemu yao katika shule za jimbo zima. Uzito wa uamuzi wake haukuwa juu ya alama peke yake. Mtoto aliyeingizwa katika darasa hilo alifundishwa mambo machache tu na hakuwa na njia ya kurudi, kwa hiyo kosa la kipimo liligeuka kuwa hatima ya maisha.

Mwaka uliofuata, katika shauri linalofanana na hilo mjini Chicago, Jaji John Grady alifikia uamuzi wa kinyume. Aliyasoma maswali ya vipimo moja baada ya jingine, akaona ni machache tu yenye dalili ya upendeleo, akavihalalisha vipimo. Njia hiyo ilimvutia kila asiyependa takwimu, lakini ni dhaifu, kwa kuwa upendeleo wa swali hauonekani kwa macho ya msomaji hata awe jaji. Hugunduliwa kwa kuchukua watu wa makundi mawili wenye uwezo ulio sawa kwa jumla na kuangalia kama wanalijibu swali hilo kwa viwango tofauti. Swali linaloonekana la kigeni laweza kupita salama katika uchunguzi huo, na swali linaloonekana la kawaida kabisa likaanguka.

Baada ya mashauri hayo, wataalamu wa saikolojia ya ubongo walikabiliwa na tatizo lilelile katika hospitali. Kwa kaida za jumla, Wamarekani Weusi wengi wasio na ugonjwa wowote wa ubongo walikuwa wakiandikiwa kwamba wana upungufu, hivyo Robert Heaton na wenzake walitayarisha kaida zilizogawanywa kwa umri, jinsia, miaka ya masomo na, katika toleo la mwaka 2004, kwa asili pia, Mweusi au Mweupe. Nia ilikuwa njema na hoja ilikuwa na nguvu: daktari anayemwambia mtu mzima kwamba ubongo wake umeharibika anamtia hofu, anamwandikia dawa asizozihitaji na pengine kumwachisha kazi. Kwa kaida mpya idadi ya waliosingiziwa ugonjwa ilipungua.

Kisha kaida hizo zikaingia mahali ambapo hazikutarajiwa. Mwaka 2015 Jaji Anita Brody wa mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia aliidhinisha makubaliano kati ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na wachezaji wastaafu waliodai kwamba kugongwa vichwa mara kwa mara kuliwaharibu ubongo. Mchezaji aliyepatwa na demensia, yaani kufifia kwa kumbukumbu na akili kunakotokana na ugonjwa wa ubongo, angelipwa fidia, na ili kujua kama akili imefifia ilibidi kukadiria ilikuwa wapi hapo kwanza. Kwa wachezaji Weusi, ambao ni wengi katika mchezo huo, makadirio yalifanywa kwa kaida za Weusi, ambazo wastani wake uko chini, na matokeo yake wachezaji wawili wenye alama ghafi ileile waliweza kuamuliwa tofauti: Mweupe akahesabiwa mgonjwa kwa kuwa ameshuka sana, Mweusi akahesabiwa mzima kwa kuwa ilidhaniwa alianzia chini. Wachezaji wawili wa zamani, Kevin Henry na Najeh Davenport, walifungua mashtaka mwezi Agosti 2020, ligi ikaahidi mwezi Juni 2021 kuachana na utaratibu huo, na mabadiliko yakaidhinishwa na mahakama mwezi Machi 2022.

Mfano wa tatu ni mzito kuliko yote. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Atkins dhidi ya Virginia, iliamua kwamba kutekeleza adhabu ya kifo kwa mtu mwenye ulemavu wa akili kunavunja katiba, na tangu hapo pointi chache juu au chini ya 70 zikawa suala la uhai. Katika baadhi ya majimbo mashahidi wa upande wa mashtaka walianza kumwongezea pointi mshtakiwa Mweusi au mwenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa hoja kwamba kipimo huwapunja watu wa asili hiyo, na kwamba akili yake halisi iko juu ya alama aliyopata. Hoja iliyotumiwa huko California kumtoa mtoto Mweusi katika darasa lisilomfaa ikawa hoja ya kumpeleka mtu Mweusi kwenye kifo. California yenyewe ilitunga sheria mwaka 2020 ya kupiga marufuku marekebisho ya namna hiyo.

Ukiyaweka mashauri haya pamoja, hesabu ni ileile: alama ya mtu wa kundi lenye wastani wa chini inahesabiwa kuwa chini ya uwezo wake halisi. Shuleni na hospitalini kuhesabiwa huko kulimkinga mtu na jina la ugonjwa lisilo lake, ilhali katika fidia na katika adhabu ya kifo kulimnyima kinga ambayo jina hilo lingempa. Kwa hiyo mtaalamu anayeuliza kama kaida fulani ni za haki kabla ya kuuliza zinatumika kuamua nini, anauliza swali lisilo na jibu. Linalopaswa kutangulia ni kutambua kosa lipi ni ghali zaidi katika uamuzi ulio mbele yake, kumwita mgonjwa aliye mzima au kumwita mzima aliye mgonjwa, na ni nani atakayelibeba kosa hilo.

Liko pia swali la rangi yenyewe. Rangi ya ngozi haikariri tarakimu wala haipangi vipande vya mbao, na inapotokea kwamba makundi mawili yana wastani tofauti, lazima kuwe na kitu kingine kinachofanya kazi chini ya jina la rangi. Jennifer Manly na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba wazee Weusi na Weupe wa Marekani walipolinganishwa kwa kiwango chao cha kusoma, badala ya idadi ya miaka waliyokaa shule, sehemu kubwa ya tofauti katika vipimo vya kumbukumbu na fikra ilipungua au kutoweka. Maelezo yake ni ya kihistoria: miaka minane katika shule ya Weusi ya kusini mwa Marekani enzi za ubaguzi, yenye mihula mifupi na vitabu vichakavu, haikuwa miaka minane ya shule ya Weupe. Afrika Kusini ilitoa ushahidi wa aina hiyohiyo mwaka 2004, pale Ann Shuttleworth-Edwards na wenzake walipowapima watu wazima na kuona kwamba Waafrika Weusi waliosoma katika shule zenye nyenzo walikaribiana na kaida za Marekani, wakati wale waliosoma katika shule zilizonyimwa nyenzo chini ya mfumo wa kibaguzi walikuwa nyuma sana, ingawa wote waliweza kuwa na vyeti vya darasa moja. Kaida za rangi, basi, huchukua madhara ya shule mbovu na kuyaandika kana kwamba ni tabia ya ngozi. Zilikuwa njia ya mkato, na zimeshapitwa na wakati.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo linaloanzia mbali zaidi ni lile la uzoefu wa vifaa. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha mwaka 1979 utafiti uliolinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kazi moja ya kuiga umbo walilowekewa mbele yao, isipokuwa kwamba waliiga kwa njia tofauti. Walipotakiwa kuiga kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliongoza. Walipopewa waya wauviringishe kuwa umbo lile, watoto wa Lusaka waliongoza, na hakuna aliyewahi kumwona mtoto wa mtaani akitengeneza gari la waya lenye usukani atakayeshangaa. Na kwa udongo wa mfinyanzi hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Uwezo uliodaiwa kupimwa ulikuwa mmoja, ule wa kuona umbo na kulirudia, lakini mshindi alitegemea alichozoea kukishika. Kutokana na fikra hiyo Zambia ilipata kipimo chake cha Panga Munthu, ambamo mtoto hufinyanga mtu kwa udongo badala ya kumchora, nacho kikafanyiwa kaida za watoto wa huko.

Utafiti mwingine, uliofanyika miongoni mwa watoto wa Kijaluo katika kijiji cha Usenge karibu na Ziwa Viktoria na kuchapishwa na Robert Sternberg na wenzake mwaka 2001, unasumbua zaidi. Watoto waliulizwa juu ya mitishamba inayotumiwa kutibu maradhi ya kawaida, maarifa ambayo mtoto wa huko huyahitaji hasa kwa kuwa maambukizi ya vimelea ni mengi, na ikaonekana kwamba waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika vipimo vinavyofanana na vya shule. Familia zina muda na nguvu zenye kikomo, na mtoto anayewekezwa katika maarifa ya nyumbani huwa hakuwekezwa kwa kiasi kilekile katika yale ya darasani. Kaida za darasani zikitumiwa peke yake zitamwita dhaifu mtoto ambaye majirani zake wanamtuma akachume dawa.

Hata kaida zilizotengenezwa nyumbani huchakaa. James Flynn aliwafanya wanasaikolojia wakubali katika miaka ya 1980 kwamba alama za akili katika nchi za viwanda zilikuwa zikipanda kwa takriban pointi tatu kila miaka kumi, na kwa hiyo jedwali la zamani humpa anayepimwa leo alama ya bure. Kupanda huko kumeonekana Kenya pia. Tamara Daley na wenzake waliwalinganisha watoto wa Embu waliopimwa mwaka 1984 na wengine wa umri huohuo waliopimwa mwaka 1998, wakaona ongezeko kubwa katika kipimo cha Raven, ambacho humtaka mtoto atambue kipande kinachokosekana katika mchoro, na dogo zaidi katika kipimo cha maana za maneno. Maelezo waliyoyapa uzito ni kusoma kwa wazazi, ukubwa wa familia, na lishe na afya ya watoto. Aliyekuwa na jedwali la Embu la mwaka 1984 mkononi mwaka 1998 alikuwa na kaida za Kiafrika, za kijijini, za watoto wa palepale, na bado zingemdanganya.

Liko tatizo gumu zaidi kuliko kuchakaa, na watetezi wa kaida za kienyeji hupenda kulipita. Jedwali la wenyeji hueleza hali ilivyo, halisemi inavyopaswa kuwa, na ikiwa watoto wa tarafa nzima wana upungufu wa damu na minyoo, mtoto mwenye upungufu wa damu akilinganishwa nao ataonekana yuko sawa kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikabili jambo hili katika upimaji wa kimo na uzito: kati ya mwaka 1997 na 2003 lilifuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa ipasavyo, likaona wanakua kwa namna inayokaribiana mno, na mwaka 2006 likatoa viwango vya ukuaji ambavyo leo vimo katika kadi za kliniki za nchi nyingi. Mtoto wa Tandahimba hulinganishwa na jinsi mtoto mwenye afya anavyoweza kukua, wala halinganishwi na jirani mwenye njaa. Katika vipimo vya akili hakuna kiwango cha namna hiyo, na yamkini hakitapatikana kwa urahisi, kwa sababu kutambaa na kusimama vinafanana kila mahali lakini maneno, picha na michezo havifanani.

Lugha ndiyo inayovuruga kaida kwa haraka kuliko kingine chochote, tena kwa njia zisizoonekana. Katika kipimo cha kukariri tarakimu mtoto husomewa mfululizo wa tarakimu na kutakiwa aurudie, na kazi hiyo huonekana kana kwamba haina utamaduni. Lakini tarakimu za Kiingereza kuanzia moja hadi tisa zina silabi moja moja isipokuwa ile ya saba, wakati za Kiswahili zote zina silabi mbili, na utafiti uliochapishwa mwaka 1980 juu ya wasemaji wa Kiwelshi na Kiingereza ulikwisha kuonyesha kwamba tarakimu zinazochukua muda mrefu kutamkwa hukaririwa chache. Kumpima mtoto kwa Kiswahili na kumhesabia kwa jedwali la Kiingereza ni kumpunja kabla hajafungua kinywa. Katika kipimo cha msamiati hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa maneno hupangwa kutoka rahisi hadi magumu na mtoto husimamishwa anapokosea kadhaa mfululizo. Yakitafsiriwa, ugumu wake hubadilika, neno la ishirini likawa jepesi na la tano likawa zito, na mtoto akasimamishwa kabla ya kuyafikia anayoyajua.

Wanaoumia sana kwa hili ni watoto wa familia zilizotoka Kongo na kupewa makazi Marekani na Kanada, nchi ambazo zimepokea Wakongo wengi tangu miaka ya 2010. Shule huona mtoto yuko nyuma, humwita mkalimani, na mkalimani hutafsiri maswali papohapo kwa Kiswahili anachokijua yeye, ambacho huenda ni cha Mombasa, kwa mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha Bukavu au Lubumbashi na ambaye pengine alikosa shule miaka mitatu akiwa kambini. Alama inayotoka hapo haina kaida yoyote nyuma yake, kwa maana hakuna kundi lolote duniani lililowahi kupimwa kwa maswali hayo kwa tafsiri hiyo. Kuiandika kwenye faili ikiwa na uhakika wa namba mbili ni kosa la kitaaluma hata kama kila aliyehusika alikuwa na moyo mwema. Mwongozo wa Tume ya Kimataifa ya Vipimo juu ya kutafsiri na kurekebisha vipimo unadai kwamba kipimo kilichohamishwa kithibitishwe upya kwa watu wapya kabla ya alama zake kulinganishwa na za wa kwanza, sharti ambalo mkalimani wa papo kwa papo hawezi kulitimiza.

Kazi iliyofanyika Kilifi, katika pwani ya Kenya, inaonyesha kwamba sharti hilo linatimizika. Watafiti wa huko, wakiwemo Penny Holding na Amina Abubakar, walihitaji kujua kama malaria kali huacha madhara katika fikra za mtoto, na badala ya kuyabeba majedwali ya ng'ambo walianza na vipimo vilivyokuwapo, wakazungumza na wazazi, wakavijaribu kwa watoto, wakabadilisha picha na vifaa ambavyo mtoto wa Kigiriama hakuwa amevizoea, wakachunguza kama mtoto yuleyule akipimwa tena anapata alama inayokaribiana, jambo linaloitwa uthabiti wa kipimo, na kama alama inaendana na mambo inayotarajiwa kuendana nayo, kama vile umri na kwenda shule. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 35 walitengeneza kipimo cha mwendo na cha ushirikiano wa jicho na mkono, kilichochapishwa mwaka 2008. Katika maswali ya malaria mtoto aliyeugua alilinganishwa na watoto wa jamii hiyohiyo ambao hawakuugua, kwa hiyo wastani wa Marekani haukuhitajika hata kidogo. Kazi kama hiyo huchukua miaka na fedha, na nchi yenye lugha nyingi haiwezi kuirudia kwa kila lugha na kila kizazi, lakini kuanza na lugha chache na umri mchache ni afadhali kuliko kukopa jedwali na kunyamaza.

Si kila uamuzi unahitaji kaida. Mwajiri anayetafuta rubani au mhasibu anataka kujua kama mwombaji anaiweza kazi, na hilo hupimwa kwa kigezo cha kazi yenyewe, awe ametoka Pemba au Perth; Marekani ilikataza kwa sheria mwaka 1991 kurekebisha alama za waombaji kazi kwa misingi ya rangi, na Afrika Kusini, kwa sheria ya usawa kazini ya mwaka 1998, ilikataza kipimo chochote cha kisaikolojia kwa waajiriwa isipokuwa kimethibitishwa kisayansi, kinaweza kutumika kwa haki kwa wote na hakipendelei kundi lolote. Kampuni za Nairobi na Dar es Salaam zinazowafanyisha waombaji vipimo vya mtandaoni vilivyotungwa Uingereza zingejiuliza juu ya masharti hayo matatu hata pasipo sheria ya kuzilazimisha. Kadhalika mgonjwa wa kiharusi anayepimwa mwezi wa kwanza na wa sita hulinganishwa kwanza na yeye mwenyewe, na ulinganisho huo hushinda jedwali lolote, mradi izingatiwe kwamba kuzoea maswali nako huongeza alama.

Pale ambapo kaida haziepukiki, mtaalamu anawajibika kuandika katika ripoti ni kaida za nani, za mwaka gani na kwa lugha gani, kutoa alama kama masafa kati ya namba mbili badala ya namba moja, na kueleza shule aliyosoma anayepimwa, lugha anazozisema na vifaa alivyovizoea, kisha kuyapima hayo kwa habari za nyumbani: mtoto hutumwa dukani na kurudi na chenji kamili, huwatunza wadogo zake, hujifunza mchezo mpya kwa kuwatazama wenzake? Mzazi, mwalimu au hakimu anayekabidhiwa ripoti isiyotaja kaida zilizotumika asiifanyie uamuzi wowote. Airudishe kwa aliyeiandika na kumtaka azitaje.